Injini za mvuke za mfano: ipi ununue kwanza, na ipi uiache kwa sasa

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na wageni wanaofika nyumbani kwangu hapa Nakuru, wanapolikuta kabati la kioo lenye injini ndogo za mvuke zilizopangwa rafu juu ya rafu, ni hili: mtu akitaka kununua moja tu, anunue ipi? Kwa miaka mingi nilikuwa nikijibu kwa kutaja jina la kampuni. Siku hizi namwomba mgeni achukue injini mbili, azilaze ubavu juu ya taulo, aangalie magurudumu yake kwa utulivu, kisha aniambie mwenyewe. Karibu kila anayefanya hivyo huchagua ile ile ambayo ningemchagulia, kwa sababu uzuri wa injini ya mvuke umo katika vyuma vyake vinavyotembea, na jicho la mtu huvifuata hivyo hata kabla hajajua majina yake.

Mwongozo huu nimemwandikia mnunuzi wa Nakuru, Kisumu, Eldoret au Kakamega, ambaye ana nafasi ndogo nyumbani, anatumia umeme wa volti 240, na hana duka la bidhaa hizi karibu naye, hivyo ataagiza kutoka ng'ambo au atanunua kitu kilichokwisha kutumika. Daraja nilizopanga zinafuata mahitaji ya mtu huyo. Mkusanyaji anayeishi London au Nuremberg angezipanga vingine, na angekuwa na sababu zake.

Kipimo kwanza

Reli iliyofika Kisumu mnamo Desemba 1901, wakati mji huo ukiitwa Port Florence, ina upana wa milimita 1,000. Hiyo ndiyo reli ipitayo Njoro, Molo, Londiani, Fort Ternan na Muhoroni, na kila injini ya mvuke iliyowahi kupanda Mau ilitengenezwa kwa upana huo. Injini za mfano zinazouzwa kwa wingi duniani, kinyume chake, huiga reli ya milimita 1,435, ambayo sisi tuliizoea baada ya SGR kuanza kazi kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Ni vyema mnunuzi wa huku akubali jambo hilo mapema, asije akakata tamaa baada ya kutumia fedha.

Kipimo cha OO, kinachopendwa Uingereza, hupunguza kitu mara 76 na hutembea juu ya reli ya milimita 16.5. Ukifanya hesabu utaona kwamba reli hiyo, ikikuzwa, inakuwa na upana wa milimita 1,257 hivi, yaani imekaa katikati ya reli yetu ya zamani na ile ya SGR. Waingereza makini wamelalamikia dosari hiyo kwa miongo mingi, lakini kwetu sisi inasaidia kidogo, kwa kuwa injini huonekana imesimama juu ya reli nyembamba kama zilivyokuwa injini zetu. Kipimo cha HO hupunguza mara 87 na hutumia reli hiyo hiyo, kwa hiyo hutoa milimita 1,435 barabara. Kipimo cha N ni kidogo zaidi: mara 160 Ulaya na Marekani, mara 148 Uingereza, na mara 150 kwa injini nyingi za Japani, na reli yake ni ya milimita 9. Halafu kuna magari makubwa ya bustani ya LGB, yaliyopunguzwa mara 22.5 na kuwekwa juu ya reli ya milimita 45, ambayo ukiikuza unapata mita moja, kwa tofauti ndogo isiyoonekana kwa macho.

Njia nzuri ya kuelewa tofauti hizo ni kuchukua injini moja unayoifahamu na kuipima kwa rula mezani. Chukua Garratt (injini ndefu yenye boila moja katikati na seti mbili za magurudumu) ya daraja la 59, injini kubwa kuliko zote zilizowahi kufanya kazi Afrika Mashariki. Kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester ilitengeneza 34 za aina hiyo mwaka 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 na urefu wa karibu mita 32. Katika OO ingekuwa na sentimita 42, katika HO kama sentimita 37, katika kipimo cha N cha Japani sentimita 21, na katika LGB ingefika mita moja na nusu kasoro kidogo. Meza ya sebuleni huamua mambo mengi. Anayetaka kuona umbo lenyewe kabla ya kununua chochote na aende katika Jumba la Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971, ambako zimehifadhiwa namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Asimame kando ya magurudumu, si mbele ya dohani, na akae hapo muda wa kutosha.

Nafasi ya kwanza: injini ya mizigo ya OO

Ninaiweka OO mbele ya vipimo vingine vyote kwa sababu tatu zenye uzito. Transfoma zake zilizotengenezwa kwa soko la Uingereza hukubali umeme wetu, na plagi yake yenye miguu mitatu ya mraba huingia katika soketi za Kenya bila adapta. Vipuri vyake hupatikana kwa wingi kuliko vya kipimo kingine chochote ambacho nimewahi kuagizia vipuri. Na kubwa zaidi, injini zilizoigwa katika OO zilitoka katika viwanda vile vile vilivyotengeneza injini zetu.

Hapo ndipo pendekezo langu la kwanza linapotoka, nalo huwashangaza wengi: nunua WD Austerity ya Bachmann, ile yenye magurudumu mawili ya uongozi mbele na manane ya kuvuta. Injini halisi za aina hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya vita kati ya 1943 na 1945, jumla yake 935, na watengenezaji walikuwa wawili tu, North British ya Glasgow na Vulcan Foundry ya Newton-le-Willows. North British ndiyo iliyotuletea injini za daraja la 29 na la 30, zilizopewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki, na Vulcan Foundry ikatuletea za daraja la 31. Ukiitazama Austerity kwa ubavu unaona undugu huo: boila isiyo na mapambo, ubao wa kutembelea ulioinuliwa juu ya magurudumu, silinda mbili zilizo nje peupe, na kila chuma kikiwa mahali ambapo fundi angeweza kukifikia kwa spana. Ni injini ya kazi. Rangi yake nyeusi isiyong'aa huficha mikwaruzo, kwa hiyo hata iliyotumika hukaa vizuri kabatini.

Jirani yangu, mzee aliyekuwa fayamani katika miaka ya mwisho ya mvuke, huishika Austerity yangu kila anapokuja kunisalimu. Mara ya kwanza aliigeuza, akatazama tenda, yaani behewa la makaa na maji linalofuata injini, akaniuliza makaa yale ni ya nini, kwa sababu yeye alichoma mafuta mazito tu kazini. Alisema kweli, kwani daraja la 59 nalo lilichoma mafuta. Siku hiyo hiyo nilibandua makaa yale ya plastiki kwa uangalifu, nikayahifadhi ndani ya boksi lake, na mahali pake nikaweka kipande cha kadibodi kilichopakwa rangi nyeusi kama mfuniko wa tangi. Sijawahi kujutia.

Nafasi ya pili ndani ya OO ninampa yule anayetamani Garratt hasa. Heljan ya Denmark ilitoa Garratt ya reli ya LMS ya Uingereza, ambayo injini zake halisi, 33 kwa jumla, zilijengwa na Beyer Peacock hao hao kati ya 1927 na 1930. Haifanani na zetu kwa hesabu ya magurudumu, lakini muundo ni ule ule aliousajili Herbert William Garratt: boila moja nene imening'inia katikati, na injini mbili zinazojitegemea zimewekwa mbele na nyuma, kila moja ikikunja kona kwa upande wake. Ukiiweka kwenye kona na kuiangalia kutoka juu, utaelewa mara moja kwa nini nchi zenye milima na reli nyepesi ziliipenda. Mara nyingi utaipata iliyotumika tu, na bei yake si ya kuanzia.

Flying Scotsman na Mallard za Hornby zimefuata baada ya hizo. Ninajua kwamba wengi watazinunua kwanza kwa sababu ya jina, na ni injini zenye historia ya haki. Mallard halisi ilifikia maili 126 kwa saa, yaani kilomita 203, tarehe 3 Julai 1938, na hakuna injini ya mvuke iliyothibitishwa kuipita. Hata hivyo ziangalie kwa karibu kabla hujalipa. Gurudumu la nyuma lililo chini ya chumba cha dereva, katika matoleo mengi ya kisasa, limefungwa lisigeuke na halina ukingo wa kushika reli, ili injini hiyo ndefu iweze kupita kona za mezani. Likiwa kwenye rafu, ukilitazama kwa usawa wa macho, unaona limeelea kidogo juu ya reli. Wengine hawalioni kabisa. Mimi nikishaliona siwezi kuacha kuliona.

Zile injini mbili juu ya taulo

Sasa nirudi kwenye taulo, kwa maana hapa ndipo fedha hupotea au huokolewa. Ninazo Flying Scotsman mbili za kipimo kimoja, moja ya daraja la bei nafuu na nyingine ya daraja kamili. Kwa umbali wa mita mbili mgeni hawezi kuzitofautisha. Ukizisogeza, ya kwanza ina vishikio vya ubavuni vilivyofinyangwa pamoja na boila, kama mshipa uliotuna juu ya ngozi. Ya pili ina vishikio vya waya halisi vilivyopachikwa kwenye vinundu vidogo, na unaweza kuona mwanga ukipita kati ya waya na boila. Chumba cha dereva cha ya kwanza ni kitupu. Cha pili kina mabomba, vipima-mvuke vyenye nyuso nyeupe, na mlango wa tanuru.

Tofauti kubwa zaidi iko chini. Geuza gurudumu polepole kwa kidole mpaka pini ya mkono mkuu, ule mrefu unaotoka kwenye silinda, ifike chini kabisa, kisha tazama kile kimkono kidogo kilichofungwa juu ya pini hiyo, ambacho huendesha vali kwa mpangilio wa Egide Walschaerts, Mbelgiji aliyeubuni mwaka 1844. Katika injini nyingi kimkono hicho kinapaswa kuegemea mbele, na kiegemee hivyo hivyo upande wa pili. Kikielekea mbele upande mmoja na nyuma upande mwingine, aliyeifunga hakuwa makini, na pengine hata vyuma vingine vitakuwa na kasoro. Tazama pia unene wa mikono yenyewe: ile mizuri imechongwa chuma chembamba chenye mfuo katikati, na viungo vyake vimefungwa kwa riviti ndogo zinazocheza bila kulegea. Sikiliza nayo inavyozunguka. Injini nzuri hunguruma kwa sauti moja. Yenye kasoro husita mahali pale pale katika kila mzunguko.

Kwa kilichotumika, beba betri ya mraba ya volti 9 na nyaya mbili fupi. Gusa waya mmoja kwenye magurudumu ya kushoto na mwingine kwenye ya kulia. Mota ya kawaida ya umeme wa moja kwa moja itazunguka hapo hapo, na ukigeuza nyaya itazunguka kinyume. Injini yenye chombo cha kidijitali cha DCC, mfumo wa kuiendesha kwa amri zinazopita kwenye reli, inaweza isiitikie hivyo, kwa hiyo uliza kwanza. Nusa mota, harufu ya kuungua haifichiki. Kisha angalia chasisi yake kwa taa ya simu, ukitafuta nyufa na mahali palipovimba. Hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kununua injini kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyeniandikia kwamba iko katika hali safi, nikaisubiri wiki saba, na nilipoifungua chasisi ilikuwa imepinda kama ndizi, ikamegeka vipande vitatu mikononi mwangu. Chanzo ni aloi ya zinki iliyoingia uchafu wa risasi wakati wa kuyeyushwa: huoza yenyewe ndani kwa ndani, hata ikiwa boksini, na haina dawa. Omba picha ya sehemu ya chini kabla ya kutuma fedha. Asiyetaka kuipiga, mwache.

Nafasi ya pili: D51 ya Kato, kipimo cha N

Kwa anayeishi katika nyumba ya vyumba viwili pale Milimani au Kondele, na meza yake moja ndiyo ya kulia na ya watoto kufanyia kazi za shule, N ndiyo jibu. Ndani ya N ninaipendekeza D51 ya Kato bila kusita. Injini halisi, zilizojengwa 1,115 kuanzia 1936, zilitembea kwenye reli ya Japani ya milimita 1,067, karibu sana na yetu, na mpangilio wake wa magurudumu ni 2-8-2 (mawili ya uongozi mbele, manane ya kuvuta, mawili nyuma) sawasawa na daraja letu la 29. Miili mipana juu ya reli nyembamba, boila iliyokaa juu, magurudumu madogo ya kupandia milima: mtu aliyekulia karibu na reli ya Nakuru huitambua sura hiyo. Inatembea polepole kwa ulaini wa saa ya mkononi. Udhaifu wake ni kwamba vyuma vyake vinahitaji miwani, na vumbi la Nakuru wakati wa kiangazi huingia katika giya zake kabla hujalihisi kwenye meno. Usinunue transfoma ya Japani pamoja nayo. Umeme wao ni volti 100, na ukiichomeka hapa itaungua.

Nafasi ya tatu: seti za kujenga mwenyewe

Anayependa kutazama tu, na asiyejali injini itembee, aokoe fedha anunue seti ya plastiki. Dapol bado huuza injini zilizobuniwa na Kitmaster na baadaye kutolewa na Airfix, katika kipimo cha OO, na Revell huuza Big Boy ya Marekani katika HO. Baada ya wiki chache za gundi na brashi utajua kila bomba linatoka wapi na linakwenda wapi, elimu ambayo injini iliyonunuliwa ikiwa tayari haikupi. Vikundi vya vijana na vilabu vya shule vingefaidika sana na hizi.

Zile injini za chuma zisizo na mota, zilizouzwa pamoja na majarida, ni za bei ya chini na rangi zake ni nzuri, lakini magurudumu yake mengi hayazunguki. Kwa zawadi zinafaa.

Zilizobaki

HO ya Ulaya, kama vile Roco na Piko, ina ubora ambao mara nyingi huipita OO, na ningeiweka juu zaidi kama injini zake zingekuwa na uhusiano na historia yetu. Jihadhari na jambo moja: Märklin, kampuni ya Göppingen iliyoanzishwa mwaka 1859, hutumia katika HO mfumo wake wenyewe wa umeme wa mkondo geu wenye mguso wa tatu katikati ya reli. Magurudumu ya injini hizo hayajatenganishwa kwa umeme, kwa hiyo ukiiweka kwenye reli ya kawaida ya mistari miwili utapata shoti. Ni mfumo imara sana kwa anayeununua wote, haufai kuchanganywa. Anayetaka reli ya mita kwa uaminifu katika HO atazame Bemo, ambayo huiga Rhaetische Bahn, reli ya milimani ya Uswisi, juu ya reli ya milimita 12.

LGB ninaipenda kwa moyo, kwa sababu ndiyo inayosema ukweli kuhusu upana wa reli yetu, na kuiona ikikata kona kati ya maua ni furaha isiyo na mfano. Lakini gharama yake ya usafirishaji ni nzito kama uzito wake, na inahitaji bustani yenye ulinzi. Injini ndogo zinazochemsha maji kweli, zinazowashwa kwa gesi au spiriti, ziache mpaka upate mtu mwenye uzoefu wa kusimama nawe. Boila ni boila, hata ikiwa na ukubwa wa kopo la maziwa. Na injini za shaba za kutengenezwa kwa mkono, zitokazo Japani na Korea, zitazame kwa wengine.

Gharama na utunzaji

Injini mpya ya OO yenye ukamilifu wote sasa hupita pauni 200 kwao, na hapo hujaongeza usafiri, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada za uingizaji. Fanya hesabu hiyo yote kabla ya kuagiza, na umwombe muuzaji aandike thamani ya kweli kwenye karatasi, kwa maana kifurushi chenye bei ya kutilia shaka ndicho hukaa sana.

Kisumu adui ni unyevu: ekseli za chuma hushika kutu, na vijidudu vya ziwani huingia kila tundu, kwa hiyo weka vifuko vya kukausha ndani ya kabati na ufunge milango jioni. Nakuru adui ni vumbi. Magurudumu yafutwe kwa spiriti safi kwenye pamba, na giya ziwekwe tone moja la mafuta yasiyodhuru plastiki, kwa ncha ya sindano. Mafuta ya cherehani wengine huyatumia; mimi nimeona yakilainisha plastiki, nimeacha. Mafuta ya kupikia yasikaribie kabisa.

Siku injini inapofika, usiifunge mabehewa. Iweke kwenye duara la reli lenye nusu kipenyo cha milimita 438 au zaidi, uiache izunguke kwa mwendo wa kati nusu saa ikienda mbele na nusu saa ikirudi nyuma, kisha uigeuze uelekeo wake na urudie. Giya zitapata kukaa. Baada ya hapo futa magurudumu, kwa kuwa utayakuta meusi, ndipo ulete behewa la kwanza.